Kesho ni mapumziko, na sasa ni saa tatu usiku

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni karani wa hesabu kwenye kampuni binafsi hapa Dodoma inayouza vifaa vya ofisi. Wateja wetu wakubwa wako Mji wa Serikali, Mtumba. Nimepanga chumba Ilazo. Mke na watoto wawili wako Morogoro, Kihonda. Mshahara wangu wa msingi ni 468,000 kwa mwezi, kwa saa 45 za wiki: Jumatatu hadi Ijumaa saa nane nane, Jumamosi saa tano.

Kinachonisumbua ni siku za mapumziko zinazokuja bila hodi. Idd tunafika saa tatu usiku hatujui kama kesho ni kazi. Mara nyingine bosi mwenyewe anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Kesho msije, wateja hawapo." Nikisikia hivyo alfajiri niko stendi ya Nanenane na begi. Nafika nyumbani mchana, nakula, watoto wanataka kutoka, mimi nasinzia kwenye kochi, jioni naanza safari ya kurudi. Nauli imekwisha, na mke ananiambia bora nisingekuja. Nikibaki Dodoma, siku inaishia kitandani na simu mkononi.

Halafu kuna upande wa pili. Sabasaba iliyopita niliitwa kazini saa 2 asubuhi, nikatoka saa 8 mchana, kwa sababu kodi ya mishahara ilikuwa haijapelekwa. Nilipewa elfu kumi "ya soda". Mwenzangu anasema nilistahili zaidi, bosi anasema mshahara wa mwezi umeshalipia siku zote. Na moja ya zile siku alizotuambia tusije nimeikuta imekatwa kwenye likizo yangu. Nani yuko sahihi? Na siku hizi nizitumieje?

Karani, Ilazo

Ndugu Karani,

Tuanze na hela, maana hapo ndipo bosi wako kakosea waziwazi.

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa, analipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Sabasaba imo kwenye orodha ya sikukuu hizo. Saa moja yako inapatikana kwa kanuni ya jedwali la sheria hiyo hiyo: mshahara wa msingi wa mwezi, gawa kwa 4.333 mara saa zako za wiki. Kwako ni 4.333 × 45, yaani 195 kasoro kidogo sana. Gawa 468,000 kwa 195, unapata 2,400 kwa saa. Mara mbili ni 4,800. Ulikaa saa sita: 28,800. Umepewa 10,000, imebaki 18,800.

Wahasibu wengi hukosea hapa kwa njia tatu. Wapo wanaogawa mshahara kwa siku 30 na kila siku kwa saa 24, kana kwamba mtu anaajiriwa mpaka usingizini. Wapo wanaotumia moja na nusu, ambayo ni ya saa za ziada za siku ya kawaida. Na wapo wanaoanza na hoja kama ya bosi wako, kwamba mshahara wa mwezi una sehemu moja tayari, hivyo kinachobaki ni kuongeza sehemu ya pili tu. Hata ukikubali hesabu hiyo ya mkono mfupi, ni 2,400 mara sita, yaani 14,400, na elfu kumi bado haifiki. Mshahara wa mwezi umelipia Sabasaba ya kukaa nyumbani. Wewe hukukaa nyumbani. (Ungekuwa meneja unayesimamia wenzako na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu, kifungu hiki kisingekuhusu. Karani kinamhusu.)

Jinsi ya kudai: karatasi moja, mistari minne. Tarehe, saa ya kuingia na kutoka, nani alikuita, na hesabu kama ilivyo hapo juu. Bandika picha ya ujumbe wa kuitwa na ya ukurasa wa kitabu cha mahudhurio wenye sahihi yako. Kama hukusaini siku hiyo kwa kuwa "ni sikukuu, kitabu kimefungiwa", hilo ndilo kosa linaloua madai mengi. Siku nyingine ukiitwa, tuma ujumbe ukifika na ukitoka, "nimeingia saa 2", "natoka saa 8, kazi imekamilika". Madai ya aina hii yasiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ukichelewa unaomba kwanza kuongezewa muda na kueleza kwa nini umechelewa, na hiyo inakuwa kesi ndani ya kesi. Kwa 18,800 tusingekushauri uende huko. Tungekushauri uiwasilishe hesabu mezani kwa upole, ili sikukuu ijayo bosi ajue bei kabla hajapiga simu.

Hata kuitwa kwenyewe kungeweza kuepukwa. Kodi ya mishahara ya mwezi inapaswa iwe imefika TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume, tarehe 7 Julai ni Sabasaba. Kwa hiyo kila mwaka kuna miezi miwili ambayo siku ya mwisho ya kodi na sikukuu ni siku moja, na karani wa hesabu ndiye anayeungua. Miezi hiyo funga orodha ya mishahara tarehe 30 au 31, toa namba ya malipo tarehe 2, pata sahihi tarehe 3, lipa tarehe 4. Mpe bosi ratiba hiyo kwa maandishi wiki ya mwisho ya Machi na ya Juni. Akichelewesha sahihi, kuchelewa ni kwake, na saa zako za tarehe 7 zina bei.

Sasa ile siku ya "msije, wateja hawapo". Hiyo si sikukuu. Ni uamuzi wa mwajiri kufunga ofisi, hivyo malipo ya mara mbili hayapo hata ukienda. Lakini haikatwi kwenye mshahara wa mwezi, kwa kuwa wewe ulikuwa tayari kufanya kazi. Kwenye likizo kuna utata kidogo: sheria inampa mwajiri nafasi ya kupanga lini uende likizo ya mwaka, na bosi wako anaweza kujificha humo. Kwa maoni yetu mtu anapangiwa likizo kabla hajaondoka. Kuikuta imekatwa mwezi unaofuata si kupangiwa. Dawa yake ni ujumbe mmoja pale pale kwenye kundi, usiku ule ule: "Sawa bosi. Hii ni siku ya ofisi au inahesabiwa likizo?" Akijibu, una jibu la maandishi. Akinyamaza, una swali la maandishi. Ikihesabiwa likizo na hutaki, una haki ya kusema utakuja kazini.

Ukiwa kwenye likizo yako ya siku 28, kumbuka ni siku 28 mfululizo, na sikukuu inayoangukia ndani yake inamezwa, huongezewi nyingine. Anayechukua likizo Aprili nzima anaipa ofisi zawadi ya Pasaka, Karume na Muungano.

Tuje kwenye ghafla yenyewe. Nyingi si za ghafla kiasi hicho. Idd hutegemea mwezi kuandama, na mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30 tu, hauna 31. Kwa hiyo jioni ya tarehe 29 Ramadhani unajua kwa hakika kwamba Idd ni kesho au kesho kutwa. Weka alama siku zote mbili kwenye kalenda mwanzoni mwa mfungo. Wapo Waislamu wanaofuata mwandamo wa nchi nyingine na kuswali siku moja kabla. Mapumziko ya kazini hufuata tangazo la Mufti na serikali. Siku anazotangaza Rais kwa jambo maalumu, kama uchaguzi wa 28 Oktoba 2020 au Sensa ya 23 Agosti 2022, hujulikana mapema. Zinazokuja kwa kishindo ni za misiba ya kitaifa, kama 22 Machi 2021, siku Dodoma ilipomuaga Rais Magufuli. Hapo pia watu huchanganya mambo mawili. Siku za maombolezo ni bendera nusu mlingoti, na kazi zinaendelea. Mzee Mwinyi alipofariki Februari 2024 zilitangazwa siku saba za maombolezo, na ofisi hazikufungwa siku saba. Mapumziko lazima yatajwe kwa neno hilo kwenye tangazo.

Na tangazo lenyewe lisome. Karatasi zenye nembo ya taifa husambaa WhatsApp kila msimu wa sikukuu. Angalia kama jina la siku na tarehe vinalingana, kama ametajwa aliyesaini na cheo chake, halafu subiri taarifa ya habari ya TBC ya saa 2 usiku au kurasa rasmi za Ikulu na Msemaji Mkuu wa Serikali. Dakika kumi za kusubiri ni bora kuliko kukosa kazini Jumatano kwa tangazo la mwaka juzi.

Safari ya Morogoro. Unahesabu siku, hesabu saa. Ukitoka Ilazo saa 12 alfajiri, bodaboda hadi Nanenane, kukata tiketi na kusubiri basi litoke, kilomita kama 260 zenye kusimama Kibaigwa, Gairo na Dumila, kushuka Msamvu na kupanda bajaji mpaka Kihonda, mlango kwa mlango ni saa sita. Unafika saa 6 mchana. Ili uwe kazini kesho yake saa 2 asubuhi bila kulala barabarani, unaondoka saa 12 jioni. Umekaa njiani saa 12, nyumbani saa sita, na mbili kati ya hizo umesinzia. Mkeo hakukosea.

Tumia kipimo hiki: kama saa utakazokuwa macho nyumbani ni chache kuliko saa za njiani, usiende. Kwa basi, siku moja iliyotangazwa usiku haipiti kamwe. Siku moja unayoijua tangu mchana inaweza kupita ukiondoka jioni ile ile baada ya kazi, kwa treni. Treni ya SGR imeanza kufika Dodoma tangu Julai 2024, na kutoka hapa hadi Morogoro hutumia karibu nusu ya muda wa basi. Na stesheni ya Morogoro iko huko huko Kihonda! Ukiweza kushukia karibu na kwako, ya nini kulipa bajaji kutoka Msamvu? Ila kuna mambo yanayowaangusha watu. Tiketi hutolewa kwa jina na kitambulisho, kwa hiyo usimkatie mtu kwa jina lako. Treni ya haraka husimama vituo vichache, hakikisha uliyochagua inasimama Morogoro. Geti hufungwa kabla ya muda wa kuondoka, na treni haimsubiri abiria aliye kwenye bodaboda kama basi linavyofanya. Masharti ya kubadili tarehe yasome kabla ya kulipa, hasa ukikata kwa ajili ya Idd ambayo ina tarehe mbili.

Kama lazima iwe basi, kata ndani ya ofisi ya basi hapo stendi na utoke na tiketi yenye nauli iliyoandikwa. Mpiga debe wa getini usiku wa kuamkia sikukuu ana nauli yake. Mwanzoni mwa Agosti ongeza saa nzima: maonesho ya Nanenane yako Nzuguni, jirani na stendi, na foleni ya kuingia uwanjani ndiyo foleni ya kuingia stendi. Bunge la bajeti nalo, Aprili hadi mwisho wa Juni, hufanya viti vya Ijumaa jioni viwe vya kugombania.

(Kuna anayetaka kukutana na familia Gairo, katikati ya safari. Usijaribu na watoto. Mtakaa wapi, kwenye benchi la chipsi?)

Nauli unayoichoma kwenye siku moja moja ihamishie kwenye siku ndefu, na hizo unazijua sasa hivi. Chukua kalenda ya 2026. Ijumaa Kuu ni 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka 6, Karume Jumanne 7. Wengine wana siku tano mfululizo. Wewe huna, kwa sababu Jumamosi tarehe 4 si sikukuu na una saa zako tano. Omba ruhusa ya hiyo Jumamosi mwezi mmoja kabla, kwa maandishi, na kodi iwe imelipwa tarehe 2. Mei Mosi ni Ijumaa: Jumamosi moja tena, na unapata tatu. Sabasaba ni Jumanne, hivyo ruhusa ya Jumatatu inakupa kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumanne usiku. Krismasi ni Ijumaa na tarehe 26 ni Jumamosi. Hiyo huhitaji kumwomba mtu. Nyerere na Uhuru zote mbili zinaangukia Jumatano, hizo baki Dodoma. Muungano umeangukia Jumapili, na kwetu sikukuu ikiangukia Jumapili haihamishiwi Jumatatu.

Jioni ya kuamkia mapumziko yoyote, fanya mambo mawili kabla ya saa 1. Toa hela, kwa kuwa mawakala wengi wa pesa za simu huishiwa pesa taslimu usiku huo na benki kesho zimefungwa. Na jaza maji kama ni siku yenu ya mgao. Begi liwe nyuma ya mlango muda wote: nguo mbili, chaja ya pili ambayo haitoki humo, mswaki, kadi ya NIDA kwenye mfuko wa mbele wenye zipu. Anayeanza kutafuta kitambulisho saa 10 jioni hukosa treni ya jioni.

Ukibaki, tenganisha aina mbili za siku. Siku ya bosi ni siku ya kazi kwa nchi nzima: TRA, NIDA, ardhi, benki na kliniki za madaktari bingwa ziko wazi. Hiyo ndiyo siku ya dhahabu kwa mambo yako, na ndiyo unayoimalizia kitandani. Weka kwenye simu orodha ya mambo yanayohitaji ofisi, pamoja na nakala zilizokwisha kutolewa fotokopi, ili ujumbe wa bosi ukiingia usiku, saa 1 na nusu asubuhi uwe kwenye foleni. Sikukuu ya kitaifa ni kinyume chake: ofisi hakuna, lakini masoko ya Majengo na Sabasaba yanauza. Fua mapema, maana kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa Dodoma hukausha shuka kwa muda mfupi na kulirudisha na vumbi ukilisahau hadi jioni. Nenda sokoni, chemsha maharage ya wiki nzima. Ukitaka kutoka, Hombolo ni karibu, kuna bwawa na mashamba ya zabibu. Zabibu za huku huvunwa Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko mbele ya Kondoa kidogo, kama kilomita 180 kutoka hapa. Inawezekana kwa siku moja ukiondoka saa 12 alfajiri, ila kutoka barabara kuu hadi kwenye miamba kunahitaji usafiri mwingine na mwongozaji wa ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, kwa hiyo nendeni watatu au wanne mgawane gharama.

Kwa mkeo, mwandikie leo hizo tarehe za Aprili, Mei, Julai na Desemba azibandike ukutani. Na sikukuu ya ghafla usiyosafiri, mpigie saa 3 asubuhi wakati watoto wako macho na shule imefungwa. Ukisubiri hadi usiku utawakuta wamelala.